Sumu ya mishale ya Eyasi na mlango uliomo ndani ya moyo

Najua niliahidi kumalizia ile stori ya uchaguzi wa wawakilishi wa mabweni, ila itabidi isubiri. Kuna mada imeniteka wiki nzima na nisipoiandika sitaweza hata kusoma. Ilianza na ubishi wa chumbani, ule wa saa nne usiku watu wakishashiba wali maharage. Jamaa mmoja akauliza: kama Wahadzabe wanampiga pundamilia kwa mshale wa sumu, na pundamilia anakufa, mbona wao wakila nyama yake hawafi? Wote wakanigeukia mimi kwa sababu natokea Karatu. Kwa akili za watu wa hapa kampasi, ukitokea Karatu basi simba wa Ngorongoro unawajua kwa majina na kila Mhadzabe ni shemeji yako.

Jibu fupi nilitoa palepale. Jibu refu ni historia, na kwa maoni yangu ni moja ya historia tamu kuliko zote tunazofundishwa (au tusizofundishwa) kwenye baiolojia. Inaanzia kando ya Ziwa Eyasi, inapita kwa balozi mmoja wa Zanzibar, inakwenda Uswisi, Denmark, Marekani na Japani, halafu inarudi Karatu, kwenye meza ya bibi yangu. Sogezeni viti.

Kwa wasiowahi kufika: ukitoka Arusha unapita Makuyuni, Mto wa Mbu, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuingia Karatu, huku juu kwenye baridi na mahindi. Ukinyoosha unafika lango la Ngorongoro. Lakini ukiiacha ile barabara kuu na kushuka kusini-magharibi, baridi inakwisha, vumbi linaanza, na unafika Mang'ola, nchi ya vitunguu, pembeni ya Eyasi. Huko na kwenye bonde la Yaeda upande wa Mbulu ndiko waliko Wahadzabe. Wanakadiriwa kuwa elfu moja na mia kadhaa tu, na lugha yao yenye sauti za kualika ulimi haina ndugu anayejulikana. Vitabu vya zamani vinawaita Watindiga au Wakindiga. Mjerumani Erich Obst alikaa nao wiki kadhaa mwaka 1911, na Mwingereza James Woodburn akaanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950. Mengi yaliyoandikwa kuhusu mishale yao yanatokana na hao na waliowafuata.

Mhadzabe ana mishale ya aina mbalimbali. Ya ndege na wanyama wadogo ni mti mtupu uliochongwa, haina sumu. Ya wanyama wakubwa ina ncha ya chuma, na chuma hicho wanakipata kwa wahunzi wa Kidatoga, wanaofua hata misumari, kwa kubadilishana na asali au nyama. Chini ya ncha ndipo inapopakwa sumu. Na sumu ni mbili. Moja inaitwa panjube, inatokana na utomvu wa lile waridi la jangwa, mti mnene wa chini wenye maua ya pinki ambao watu wa mjini wanaupanda kwenye vyungu barazani bila habari. Utomvu unachemshwa mpaka unakuwa mzito na mweusi kama lami. Ya pili, shanjo, inatokana na mbegu za mmea ambao wataalamu wa mimea wanauita Strophanthus eminii. Hilo jina la pili, eminii, ni heshima kwa Emin Pasha. Huyo alikuwa mpita njia tu. Wenye kuujua mmea hawakupewa hata herufi moja. Hili tutalirudia.

Mpigaji akishapiga hakimbii kama kwenye sinema. Anatulia, anaacha muda upite, halafu anafuata damu na nyayo, wakati mwingine hadi kesho yake. Jirani zao nao wana ya kwao: Wamasai wanaujua mti wa olmorijoi, na pwani wanauita msunguti. Kenya, Wakamba na Wagiriama wanaupika huohuo. Miti ni tofauti, makabila ni tofauti, lugha hazisikilizani, lakini ukichambua sufuria zote unakuta kemikali za ukoo mmoja: kiini cha pete nne zilizoshikana kama cha kolesteroli, upande mmoja kimebeba sukari, upande mwingine pete moja ndogo. Zinaitwa glaikosaidi za moyo. Watu waliokaa mbali hivyo wote wameishia kwenye silaha moja, maana katika mwili wa mnyama kuna mahali pamoja ambapo pana tundu la ufunguo la aina hiyo.

Sasa historia yenyewe. John Kirk mnamjua, yule konseli wa Uingereza Zanzibar aliyembana Sultan Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea kwenye msafara wa Livingstone wa Zambezi, ulioanza 1858. Huko, upande wa mto Shire, aliona wawindaji wakitumia sumu inayoitwa kombe, akachukua sampuli. Inasimuliwa kwamba sampuli ilikuwa begi moja na mswaki wake. Asubuhi anapiga mswaki, mdomo ukawa mchungu, akajipima mapigo ya moyo akakuta yamepungua. Mtu mwingine angetupa mswaki. Kirk akaandika. Ndiyo faida ya kuandika, wadau, na ndiyo maana mimi nawasumbua na blogu hii.

Kombe ikafika Edinburgh, ambako Thomas Fraser aliifanyia kazi miaka mingi na mwaka 1885 akaipeleka rasmi mbele ya madaktari kama dawa ya moyo. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud akatoa fuwele safi kutoka kwenye mti wa jamii ya msunguti wa pwani ya Wasomali, akaipa jina uabaini, kutokana na neno la Kisomali waabaayo, yaani sumu ya mshale. Mwaka 1906 Mjerumani Albert Fraenkel alikuwa anawadunga wagonjwa strofanthini kwenye mshipa. Kwa hiyo kwa miaka kama hamsini hivi hospitali za Ulaya zilikuwa zinatibu moyo kwa kitu kilekile kilichokuwa kwenye podo la mwindaji wa Eyasi. Tofauti ilikuwa kipimo, na bomba la sindano badala ya upinde.

Lakini hapa ndipo panaponifurahisha: hakuna aliyejua inafanyaje kazi. Mwindaji hakujua, sawa, lakini na profesa hakujua vilevile. Wote wawili walijua tu kwamba kidogo kinautia moyo nguvu na kingi kinausimamisha.

Mwaka 1953, mjini Bern, Hans Schatzmann alichukua chembe nyekundu za damu na kuziwekea hiyo glaikosaidi. Chembe ya damu, kama seli zako zote, ndani ina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na nje kinyume chake. Hali hiyo haiji yenyewe. Ni kama mtumbwi unaovuja. Lazima kuwe na mtu anakumba maji muda wote. Schatzmann akaona sumu ikishawekwa, anayekumba ameacha kukumba. Nani huyo anayekumba? Hakuna aliyemwona.

Jens Christian Skou alikuwa daktari Mdenmark, Aarhus, na kilichomsumbua kilikuwa dawa za ganzi. Kwa sababu zake akawa anasaga neva za miguu ya kaa. Ndiyo, kaa, huyuhuyu wa ufukweni. Akakuta kwenye utando wa neva kimeng'enya kinachovunja ATP, lakini kikichangamka sana pale tu sodiamu na potasiamu zikiwepo pamoja. Alichapisha mwaka 1957, kwa woga hata neno pampu akaliondoa kwenye kichwa cha habari. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano Vienna, akakutana na Mmarekani Robert Post ambaye alikuwa anashughulika na pampu ya chembe za damu. Post akamuuliza kama kimeng'enya chake kinazuiwa na uabaini. Skou akauliza uabaini ndiyo nini.

Hebu tulieni hapo kidogo. Mtu aliyekishika mkononi kile kitu chenyewe hajawahi kusikia sumu yake, wakati kijana wa Kihadzabe wa mwaka uleule 1958 anaipika kwenye moto. Basi wakajaribu, na uabaini ikakizima kimeng'enya. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba kimeng'enya cha Skou na mkumbaji wa Schatzmann ni mtu mmoja. Sumu ya mshale ndiyo iliyokuwa kitambulisho. Skou alipewa nusu ya Nobeli ya kemia mwaka 1997, miaka arobaini baadaye, akiwa na miaka 79.

Sasa twende ndani ya pampu, na wale wa sayansi ya jamii msikimbie, nitakwenda polepole.

Pampu ni protini, mnyororo mrefu wa asidi amino zaidi ya 1,000 uliojikunja na kuupenya utando wa seli mara kumi, kama nyuzi za mshonaji. Kila ikichoma ATP moja inatoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani. Inafanya hivyo kwa kubadilisha umbo. Fikirieni kile chumba cha ulinzi cha benki chenye milango miwili, wa ndani na wa nje. Mlango wa ndani unafunguka, sodiamu tatu zinaingia chumbani, mlango unafungwa. Protini inajipinda, mlango wa nje unafunguka, sodiamu zinatoka, potasiamu mbili zinaingia, mlango wa nje unafungwa, wa ndani unafunguka. Sheria ni moja: milango miwili haifunguki kwa pamoja hata siku moja. Na hiyo sheria hailindwi na mlinzi. Inalindwa na jinsi vipande vya protini vinavyosukumana na kuvutana: kipande cha ndani ya seli kikishikana na fosfeti kutoka kwenye ATP, kinavuta nyuzi zilizomo kwenye utando, nazo zinasogeza mlango ulioko mbali kabisa upande wa pili. Ukigusa huku, kule kunatikisika.

Glaikosaidi inaingia kutoka nje, wakati mlango wa nje uko wazi. Inazama kwenye lile pango katikati ya nyuzi, inakaa kama kabari, na nyuzi haziwezi tena kusogea kufunga. Pampu imegandishwa katikati ya pozi. Kwenye moyo, pampu chache zikigandishwa sodiamu inaongezeka ndani ya seli, na kwa sababu kalsiamu hutolewa nje kwa kutegemea tofauti ya sodiamu, kalsiamu nayo inabaki ndani. Kalsiamu ndiyo inayokaza msuli. Kwa hiyo moyo unapiga kwa nguvu zaidi; hiyo ndiyo dawa. Pampu nyingi zikigandishwa, umeme wa moyo unavurugika, mapigo yanakuwa hovyo, na pundamilia anaanguka. Hiyo ndiyo sumu. Hakuna mpaka wa wazi kati ya hizo mbili, ni mteremko mmoja.

Swali la pili la historia hii lililetwa na panya. Panya wa maabara alikuwa anawashangaza watu: unampa uabaini ya kumwangusha mnyama mkubwa, yeye anakutazama tu. Pampu yake kuu inahitaji kiasi cha mara 1,000 zaidi ndipo izimike. (Kwa hiyo ukitaka kujua kama mshale wako una sumu, usijaribu kwa panya.) Mwaka 1988, Cincinnati, Elmer Price na Jerry Lingrel walilinganisha pampu ya kondoo, ambayo inazimika kirahisi, na ya panya. Mlolongo unafanana karibu wote. Wakazingatia kitanzi kidogo kinachochungulia nje ya seli, kati ya uzi wa kwanza na wa pili. Kwenye ncha moja ya kitanzi, nafasi ya 111, kondoo ana glutamini na panya ana ajinini. Kwenye ncha ya pili, nafasi ya 122, kondoo ana asparajini na panya ana asidi aspatiki. Wakaichukua pampu ya kondoo wakabadilisha hizo mbili tu. Pampu ya kondoo ikawa sugu kama ya panya.

Mbili kati ya elfu moja na zaidi! Na zote mbili zilipobadilishwa ziliweka chaji ya umeme mahali ambapo hapakuwa na chaji, moja chanya na moja hasi, kila upande wa mlango. Sumu yenyewe haina chaji, inategemea kushikwa mkono na vikundi vilivyotulia pembeni ya pango. Ukiweka mlangoni watu wawili wenye umeme, mgeni haingii vizuri, lakini sodiamu na potasiamu zinaendelea na safari zake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kile ambacho mwalimu anakisema kila siku na sisi tunadesa tu bila kukiwaza, kwamba umbo ndilo kazi.

Ikaja kuonekana panya si peke yake. Wapo wadudu wanaokula mimea ya sumu hii, na wapo wanaokula vyura, maana chura wa jamii ya ngozi kavu ana sumu ya ukoo huohuo kwenye ngozi. Kenge wa Afrika wana pampu sugu. Kenge wa Australia, ambao kwao hapakuwa na vyura hao, hawana, na vyura walipopelekwa kule mwaka 1935 kenge wakaanza kufa kwa kuwala. Na karibu kila mara mabadiliko yanatokea kwenye kitanzi kilekile, mara nyingi nafasi zilezile. Kuna hata panya mmoja wa Afrika Mashariki, mnene mwenye kishungi cha manyoya mgongoni, anayetafuna maganda ya msunguti na kupaka mate yake kwenye manyoya maalumu ubavuni, ili mbwa akimng'ata ajute. Hilo lilichapishwa mwaka 2011 na Jonathan Kingdon na wenzake. Kingdon ni mzaliwa wa Tabora, kwa hiyo tumwite mwenzetu.

Picha zenyewe za pampu zilichelewa. Mwaka 2007 kundi la Aarhus, chuo kilekile cha Skou, walitoa umbo la pampu ya figo ya nguruwe. Mwaka 2009 Wajapani wa Toyoshima wakatoa iliyo safi zaidi, ya papa. Mwaka 2013 Aarhus tena wakaonyesha uabaini ikiwa imekaa sawasawa ndani ya pango, upande wake mmoja umeshikana kwa nguvu na nyuzi za 1, 2 na 6, na zile nafasi za mlangoni zikiwa palepale Price na Lingrel walipozionyesha miaka 25 nyuma bila kuona chochote. Nilikaa na ile picha kwenye kompyuta ya maktaba nikiizungusha mpaka mhudumu akaja kuniambia wanafunga.

Mtasema hii ni pampu, na mada ya mihadhara yetu muhula huu ni chaneli za ioni. Nilidhani hivyohivyo. Chaneli ni tundu: likifunguka ioni zinamwagika mamilioni kwa sekunde, haziombi ATP. Pampu ni mkumbaji wa polepole, ioni mia kadhaa kwa sekunde. Vitabu vinaziweka sura tofauti. Lakini Hawaii kuna sumu nyingine, palitoksini, kutoka kwa viumbe laini vya baharini. Ilitengwa na kutangazwa mwaka 1971, na wenyeji wa kisiwa cha Maui walikuwa wakipaka mikuki nayo. Mikuki, tena! Inapoishika pampu ileile ya Skou haigandishi mlango mmoja. Inavunja makubaliano kati ya milango miwili, yote inakaa wazi, na pampu inageuka kuwa chaneli. Ioni zinapita tu kama maji bombani. David Gadsby wa New York na wenzake, miaka ya 2000, walitumia jambo hilo kuonyesha kwamba ndani ya pampu njia ya chaneli ilikuwepo muda wote, na kinachoifanya iwe pampu ni yale mazungumzo ya vipande vya protini yanayozuia milango kufunguka pamoja. Kwa mtazamo wangu hili ndilo lililo zito kuliko yote niliyoandika leo. Tofauti kati ya mashine inayokuweka hai na tundu linalokuua si kitu kilichoongezwa wala kuondolewa, ni kama vipande vinasikilizana au la. Na uabaini, ikiwekwa mapema, inapunguza makali ya palitoksini. Sumu ya Wasomali dhidi ya sumu ya Hawaii, ndani ya mlango mmoja.

Sasa nyama ya pundamilia. Kwanza, kipimo: sumu ya ncha moja ya mshale imesambaa kwenye mnyama wa kilo mia mbili na zaidi, na wawindaji hukata na kutupa sehemu ya jeraha. Pili, uabaini imejaa vikundi vinavyopenda maji, kwa hiyo utumbo unainyonya vibaya sana. Kwenye damu ni hatari, tumboni inapita nyingi bila kuingia mwilini. Ndiyo maana Fraenkel alihitaji sindano. Ukoo huo una mwanachama mwingine, digoksini, wa kutoka kwenye majani ya digitalisi ya Ulaya, iliyotengwa mwaka 1930, ambayo utumbo unaipokea vizuri. Hiyo ndiyo ikawa kidonge.

Na kidonge hicho ndicho alichonacho bibi yangu, Karatu. Kidogo, cheupe, kila asubuhi, kwa ajili ya moyo. Pamoja nacho anameza cha kupunguza maji mwilini kwa sababu miguu ilikuwa inavimba. Likizo iliyopita nilimkuta hali chakula, anatapika, anasema taa zina rangi ya njano na moyo unaruka mapigo. Kila mtu nyumbani anasema uzee. Nikasema twende hospitali. Wakampima, potasiamu iko chini sana, maana dawa ya maji inaiondoa na mkojo.

Rudini kwenye pango. Potasiamu ya nje ndiyo inayoisukuma pampu itoke kwenye pozi lile ambalo sumu inalipenda. Potasiamu ikipungua, pampu inakaa muda mrefu mlango wa nje ukiwa wazi, na digoksini inashika zaidi. Kipimo cha dawa hakikuongezeka hata punje. Kilichobadilika ni jirani yake kwenye mlango. Daktari akasimamisha kidonge kwa siku kadhaa, akarekebisha potasiamu, na wiki mbili baadaye bibi alikuwa shambani anagombana na mbuzi. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayemeza hivyo viwili pamoja, muulizeni lini mara ya mwisho alipimwa potasiamu. Msibadilishe dawa wenyewe, muulizeni tu, halafu mpelekeni.

Nilipomweleza bibi kwamba kidonge chake ni binamu wa sumu ya Watindiga, alinyamaza kidogo akasema, "Mjukuu wangu, kwa hiyo miaka yote hii mlikuwa mnaniwinda?" Halafu akanisimulia jinsi marehemu babu alivyokuwa akishuka Mang'ola kununua vitunguu na kukatazwa na wenyeji kugusa podo lililotundikwa mtini, hata kama limeachwa peke yake. Anasema babu aliwaheshimu kwa hilo tu: waliweka kitu cha kuua wazi, na watoto wao wote walikijua.

Kuhusu majina sasa, maana niliahidi. Eminii ni ya Emin Pasha. Kombe angalau imebaki kombe, na uabaini imebeba Kisomali mpaka kwenye maabara za Tokyo. Panjube na shanjo hazimo kwenye kitabu chochote cha famakolojia nilichofungua mwaka huu, na mimi nimevifungua vingi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi yao, na hilo ni jambo kubwa. Upande wetu wa Eyasi mashamba ya vitunguu na mifugo vimesogea mno, na watalii wanaletwa alfajiri kupiga mishale ya mti mtupu, ile isiyo na sumu. Waridi la jangwa bado lipo, juu kwenye mawe ambako jembe halifiki.

Testi ni Jumatatu saa mbili asubuhi na sura ya chaneli za kalsiamu sijaifungua. Maswali wekeni hapo chini, nitajibu Jumanne. Anayejua jina la msunguti kwa Kiiraqw aniandikie, bibi amelisahau na linamkera.